Rupia Iliyonasa kwenye Ngamia

Rupia iliruka, ikanasa tap! kwenye sumaku ya friji, ile yenye picha ya ngamia.

Nasra akaibandua, akajaribu tena. Ikanasa tena. Yarabi! Zile nyingine kumi na moja hazikushika kabisa, na ndivyo inavyotakiwa. Fedha halisi haivutwi na sumaku, hilo hata watoto kwao Tanga wanalijua.

"Alhamisi anakuja mnunuzi," Mama Mozah, bosi wake, alimwambia asubuhi hiyo akimpa sarafu za marehemu mumewe azifute vumbi. "Anataka moja tu. Na anakuja na sumaku yake, hataki kuuziwa bandia."

Basi marehemu aliuziwa bandia. Lakini nani atamlaumu marehemu? Kwenye nyumba hizi kitu kikipotea, hata kama kilipotea kabla dada wa kazi hajazaliwa, aliyechukua ni dada wa kazi. Rukia wa nyumba ya pili alilala polisi kwa ajili ya bangili iliyokuja kuonekana chini ya kochi, na bado wakamrudisha kwao.

"Ufunguo wa kabati ninao mimi peke yangu," Nasra alimwambia Twaha, dereva wa nyumba. "Watasema nimebadilisha."

"Watasema, dada," Twaha akajibu. Hajui kubembeleza, yule.

Alipotumwa mjini, Twaha aliondoka na picha ya ile rupia na herini za dhahabu alizoachiwa Nasra na mama yake. Akarudi na rupia nyingine: mfalme yuleyule, mwaka uleule. Ngamia akaikataa. Nasra alilia kwa furaha. Ile bandia akaitupa chooni, akavuta maji mara mbili.

Alhamisi mnunuzi hakuzitazama zile kumi na moja. Alichukua ile aliyoileta Twaha, akaigusisha sumaku. Haikushika. Mlangoni, na sinia la gahawa mkononi, Nasra akashusha pumzi.

Mnunuzi akajaribu tena. Akavua miwani.

"Hii ni fedha," akasema. "Hizi zimejaa sokoni. Mimi nilifuata ile ya majaribio, ya nikeli, waliyoitengeneza walipotafuta madini ya kuchukua nafasi ya fedha. Ilikuwa moja tu, na ilikuwa inanasa."

Mama Mozah akageuka taratibu, akamtazama mwenye ufunguo.