Jongoo Aambiwa Anyooke

Ilitokea kale, na juzi ikajirudia: Jongoo alimaliza chuo, kazi akakosa. Miguu ya mbele ilisema, "Twende tukatume sivii!" Ya nyuma ikajibu, "Kwa koneksheni ya nani, bro?" Naye akishtuliwa kidogo tu, hujikunja.

Akaenda kwa Nguchiro, mshauri nasaha.

"Mdogo wangu, ndani yako wamo wengi wanaogombana. Huyo anayekukunja ni woga wa utotoni. Mshukuru, mpumzishe, kisha nyooka."

Jongoo akamshukuru woga wake, akaanza kunyooka. Mara akaona mate yanamdondoka mshauri.

"Dokta, na huyo wa ndani yako anayedondosha mate, umempumzisha?"

Hakungoja jibu. Miguu yote ikakubaliana, akajikunja, akabingirika hadi bondeni.

"Shida yenu vijana," Nguchiro alimfokea kwa njaa, "hamtaki kupona!"