Mbuni Apanda Machela

Mbuni, mkuu wa waokoaji wa mbugani, alisifu mbio tu. Kiboko akichelewa kwa kubeba machela, Mbuni humcheka: "Mzee, mgonjwa atapona mwenyewe kabla hujafika!"

Siku moja Mbuni mwenyewe aliteleza, akavunjika mguu. Swala na Digidigi wakafika kama upepo, wakaanza kubishana nani katangulia.

"Jamani, nani ananibeba?"

"Kukubeba? Mkuu, wewe umetufundisha kukimbia!"

Ndipo Kiboko akatokea, anahema, machela mgongoni. "Nisamehe mkuu, nimechelewa tena."

Mbuni akacheka huku machozi yanamtoka. "Mungu anisamehe mimi! Kuanzia leo, wa kwanza ni aliyekuja na machela."

Wakambeba wakiimba. Nawe ndugu yangu, ukiitwa kuokoa, tafadhali beba kitu cha kuokolea.