Majeruhi wa Kila Siku

Tangu mafunzo ya uokoaji mlimani yaanze, Ndeshi hakuwahi kushika kamba. Kila siku alifanywa majeruhi, akafungwa kwenye machela na kuteremshwa jabalini huku wanaume wakijifunza.

“Lala, binti, wewe ni mwepesi,” Mwalimu Kileo alisema tena asubuhi ile.

Ndeshi alibaki amesimama. “Mwalimu, kwani mlimani huanguka wepesi peke yao? Leo lala wewe.”

Wenzake waliangua kicheko. Mwalimu alivua kofia, akajilaza na kufunga mikanda mwenyewe.

Ndeshi alishika kamba mbele ya wote, akakita miguu. Machela ilipovuka ukingo, uzito wote ulimwingia mikononi, changarawe ikalia chini ya viatu vyake, lakini hakuteleza, na hakuna aliyecheka tena.