Karibu ya Kila Jioni

Huko Ohio sheria ilikuwa hiyo: ukikaa kwenye baraza la raia waamuao kesi mahakamani mkamtia mtu hatiani, kwako hufungwa skrini ukutani, na wakati wa chakula mfungwa wako na nyinyi mnaonana.

Mwanakheri, mzaliwa wa Lamu, alifungiwa skrini ya Curtis, aliyeambiwa amechoma ghala. Kula mbele ya mtu bila kumkaribisha hakuweza. Kila jioni, akishanawa, alisema, "Karibu, Curtis," vile anavyoambiwa yeyote apitaye, naye Curtis hujibu, "Asante, mama. Siku moja."

"Usimzoee, Mama Twalib," mumewe Shee alimwonya.

Kisha mahakama ya rufaa ikatengua hukumu. Curtis hakuwa na kosa. Skrini ikazimwa, na Mwanakheri akawa anakula ameupa ukuta mgongo.

Ijumaa moja mlango ukabishwa. Curtis alikuwa amesimama nje, amevaa shati jipya.

"Ulinikaribisha," alisema. "Miaka yote ile."

Mwanakheri akamvutia kiti, akampakulia wali. Curtis hakuigusa sahani.

"Nyinyi kuleni," alisema kwa upole. "Mimi nimezoea kuwatazama."