Droni ya Valerian

Kabla hapajapambazuka nilisikia komeo la geti likigongwa taratibu. Alikuwa polisi.

“Shikamoo, bibi. Tumemfuata Valerian na droni yake.”

Mjukuu wangu huirusha kujifurahisha tu. Jirani yetu, ambaye bafu lake halina paa, alinilalamikia kwamba inamchungulia akioga. Mie ndiye niliyeyapeleka maneno hayo kwa mjumbe, nikidhani atamkanya tu.

Yule polisi alikuwa mpole. Alimsubiri Valerian afunge kamba za viatu.

Mchana nilimpelekea uji kituoni. Alinishika mkono kupitia nondo, vidole vyake bado vina gundi aliyobandikia bawa la droni jana.

“Kesho uje tena, bibi,” alisema. “Mtaa mzima, ni wewe tu hujanisema.”