Abiria wa Kiboko Waosha Mikia

Zamani, kabla mito haijajengewa madaraja, wanyama walivuka juu ya mgongo wa Kiboko, kila mmoja ameshika mkia wa aliye mbele yake asianguke. Aliyewapandisha abiria ni Nguchiro, wala si Kicheche, kama wengine wanavyosimulia.

Mwaka wa kikohozi, Nguchiro aliwaona wakipangusa makamasi kwa mikia, kisha wakishikana. Akaamuru, "Hapandi yeyote kabla hajaosha mkia!"

"Bibi Nguchiro, kwani tunakwenda harusini?" Tumbili akamdhihaki, akawaongoza wenzake kwa Nyati, aliyevusha bila masharti.

Kiboko akanuna. "Siku saba nimevusha sungura watatu tu! Kesho wasiporudi, utafute kazi kwingine."

Nguchiro aliogopa, lakini amri hakuifuta.

Kulipokucha, ukingo ulifurika abiria. Kikohozi kilikuwa kimemlaza Nyati na nusu ya aliowavusha, ilhali wale sungura watatu hata chafya hawakupiga. Tumbili alikuja mkia ukichuruzika maji, akamkuta Fisi amemtangulia.

"Rudi mtoni, Mzee Fisi!" akafoka. "Mkia huo mimi siushiki!"

Kiboko aliposikia hayo, aligeuka taratibu, akamwinulia Nguchiro mkia wake mwenyewe aukague.