Makofi Kanisani

Jumapili ya kwanza baada ya kushinda uchaguzi, Mchungaji Zefania alipanda mimbarani kuwaaga waumini wake kabla ya kwenda bungeni. Akafumba macho, akaomba mvua, akawaombea wagonjwa na wafungwa, kama alivyofanya miaka kumi na tisa. Alipomaliza, akangoja waitikie "Amina."

Wakampigia makofi.

Akafumbua macho. Kanisa zima lilikuwa limesimama, isipokuwa Bibi Keziya, aliyekuwa bado amepiga magoti pale mbele.

Mchungaji akamwinamia. "Inuka, mama. Sala imekwisha."

"Imekwishaje, baba, na hakuna aliyeitikia?"

Mchungaji akainua mkono kuwanyamazisha watu. Wakadhani anawapungia, wakazidi kushangilia. Mkono wake ukabaki juu, hajui aushushe vipi.